Nabii Ameniambia Ubatizo Wangu Haukutosha

Swali:

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 31, naishi hapa Malindi, nauza leso na madera. Nilibatizwa nikiwa darasa la saba na mpaka leo nasali kanisa lile lile. Tangu mwaka uanze biashara imelala, na mama yangu presha inampanda kila mara. Jirani akanipeleka kwa nabii anayeombea watu usiku nyumbani kwa mtu. Alinitajia mambo ambayo mimi sikumwambia: kwamba mimba iliniharibikia, na kwamba nina deni la chama. Kisha akasema jina langu la Kigiriama, nililorithi kwa hawe (nyanya) mzaa baba, ni agano la koma, yaani mizimu ya wahenga, na kwamba hawe mwenyewe ndiye aliyeifunga nyota yangu. Anasema ubatizo wangu ulikuwa wa maji matupu, damu ya ukoo haikukatwa. Nifunge siku saba bila chakula wala maji, nibadilishe jina, nipande mbegu ya shilingi 30,000, mama aache vidonge ili imani isigawanyike, na nisimwambie mchungaji wala dada yangu maana adui atasikia. Nimeshaahidi mbele za watu kwamba nitatoa. Naogopa kukataa. Je, kama kweli ni Mungu aliyesema? Nitajuaje?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Na pole sana kwa mtoto uliyempoteza.

Kabla hatujafungua Biblia, vidonge vya mama. Kama ameviacha, leo hii arudi hospitali au zahanati aliyopewa, awaeleze ameviacha tangu lini, wampime na wamwelekeze. Dawa ya presha ikikatizwa presha hupanda, na kiharusi hakipigi hodi. Hakuna andiko hata moja linalosema mgonjwa anayemeza dawa amegawanya imani yake. Paulo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Luka aliyesafiri naye alikuwa tabibu, na Paulo anamwita “tabibu mpendwa” bila kuona haya.

Na kufunga bila maji siku saba usithubutu, hasa kwa joto letu hili. Mwili hauvumilii hivyo. Figo huanza kushindwa mapema, na mtu huchanganyikiwa akili kabla hajajua kwamba yuko hatarini, akadhani anaona maono. Watakutajia Esta, na ni kweli aliomba Wayahudi wa Shushani wafunge bila kula wala kunywa. Lakini zilikuwa siku tatu, aliyeomba ni Esta ambaye yeye mwenyewe ndiye angeingia kwa mfalme na pengine kufa, na Wayahudi wote wa mji walijua wanafunga kwa ajili gani. Watakutajia Musa mlimani, siku arobaini. Musa hakurudi chini akawaamuru Israeli wafanye vivyo hivyo. Kufunga kwa Mkristo ni kujinyima kwa hiari, kwa muda, na mwenye maradhi, mjamzito au anayenyonyesha hana hatia akila.

Nasema haya kwa ukali kidogo kwa sababu wewe na mimi tunaishi Malindi. Aprili 2023 miili ya watu wa kundi moja la kidini ilianza kufukuliwa kutoka msitu wa Shakahola, magharibi ya mji wetu, na hesabu ikapita 400, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Mochari ya hospitali yetu ilijaa ikabidi yaletwe makontena ya baridi. Machi 2024 familia za kwanza zilikabidhiwa miili baada ya vipimo vya DNA. Mwaka huo huo kiongozi wa kundi lile na wenzake walisomewa hapa Malindi mashtaka ya mauaji ya watoto 191, wakakana. Mwaka 2025 makaburi mengine yakafukuliwa Kwa Binzaro, si mbali na pale. Mahakama itasema yake juu ya watuhumiwa. Mimi nataka uwaangalie waliokufa. Wengi walikuwa Wakristo waliobatizwa, wanaojua kuomba, wanaoimba kwaya. Walitoka kaunti mbalimbali za Kenya, wakaacha kazi, wakawatoa watoto shule. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akaamua kufa njaa porini. Walianza kwa kuambiwa kwamba walichokuwa nacho hakitoshi.

Na hilo ndilo ulilofanyiwa wewe. Rudia barua yako uisome taratibu. Kabla hajakuomba shilingi, kabla hajataja kufunga, nabii alikugusa mahali pamoja: wewe ni nani, na wewe ni wa nani. Ubatizo wako ni maji matupu. Jina lako ni la koma. Damu yako ni ya ukoo. Ukishakubali hayo matatu, umebaki mtu asiye na kwao, na mtu asiye na kwao atalipa chochote apate mahali pa kuingia.

Hila hii ni kongwe. Yesu alipotoka majini Yordani, sauti ilisema: “Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu, ninayependezwa naye.” Hapo alikuwa hajaponya mtu hata mmoja katika kitabu cha Mathayo, hajahubiri, hajafunga. Geuza ukurasa, sura ya nne, mjaribu anafungua kinywa: “Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu, amuru kwamba mawe haya yawe mikate.” Angalia anapoanzia. Anakwenda moja kwa moja kwenye neno ambalo Baba amelisema punde tu, analitilia shaka, kisha anadai lithibitishwe kwa kitendo. Na bustanini ni hivyo hivyo. Nyoka anamwahidi Hawa kwamba watakuwa kama Mungu, ilhali sura ya kwanza ya Mwanzo imeshasema waliumbwa kwa mfano wake. Aliwauzia walichokuwa nacho tayari, na bei yake ikawa mauti.

Kwa hiyo unaponiuliza “nitajuaje”, kipimo changu cha kwanza si kama nabii ana nguvu au kama maneno yake yametimia. Nauliza: ujumbe huu unafanya nini na kile ambacho Kristo amekwisha kunipa? Unanirudisha kwake, au unanionyesha pengo ambalo msalaba umeliacha na mtu huyu ndiye mwenye udongo wa kuliziba?

Paulo alikutana na jambo hili Galatia. Wageni walifika wakawaambia waumini: Kristo ni mwema, lakini bila tohara hamjakamilika. Hawakumkana Yesu hata kidogo. Walimwongezea tu. Na Paulo, ambaye kwa makanisa mengine huanza barua kwa kumshukuru Mungu kwa ajili yao, Galatia hashukuru. Anasema hata sisi wenyewe au malaika wa mbinguni akiwahubiri injili nyingine, na alaaniwe. Malaika, mwanangu! Kama malaika hana ruhusa, sembuse mtu aliyekaa sebuleni kwa jirani yako saa tano za usiku? Wakolosai nao walikuwa na walimu wa maono na masharti ya vyakula, “Msishike, msionje, msiguse”, na jibu walilopewa ni fupi: “Na ninyi mmetimilika katika yeye aliye kichwa cha enzi yote na mamlaka.” Mmetimilika. Neno hilo liandike mahali utakapoliona kila siku ukifungua duka.

Sasa najua kinachokutisha zaidi ni kwamba alijua habari ya mimba na deni. Nitakujibu kwa namna mbili, na zote mbili nazisadiki.

Ya kwanza ni ya kidunia. Jirani aliyekupeleka anakujua. Chama kina wanachama, na deni la chama halijawahi kuwa siri Malindi hii. Kama ulituma sadaka kwa M-Pesa kabla ya kwenda, jina lako lilitokea kwenye simu ya aliyepokea. Kama ulijaza karatasi ya maombi mlangoni, au ulikaa na wale akina mama wanaopokea wageni wakakuuliza “tatizo ni nini, mpenzi?”, ulimweleza nabii kabla hujamwona. Picha na hali unazoweka WhatsApp na Facebook zinasema mengi kuliko unavyodhani. Na kuna ufundi wa kutupa neno la jumla, “naona machozi ya mtoto”, kisha kusoma uso wako. Wanawake wengi sana wamebeba machozi ya mtoto kwa njia moja au nyingine.

Ya pili ni ya kiroho, maana mimi si mtu wa kusema pepo hawapo. Matendo 16 pana kijakazi wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi. Alimfuata Paulo siku nyingi akipiga kelele kwamba watu hawa ni watumwa wa Mungu aliye juu, wanawahubiri njia ya wokovu. Kila neno alilosema ni kweli tupu! Na bado Paulo alimkemea yule pepo akatoka, na wa kwanza kukasirika ni mabwana zake, kwa sababu tumaini la pato lao limepotea. Torati nayo, Kumbukumbu 13, inasema nabii akitoa ishara na ishara ikatimia, lakini akawavuta watu waifuate miungu mingine, wasimsikilize. Kwa hiyo kutajiwa siri zako hakuthibitishi chochote kuhusu aliyemtuma anayezitaja. Mungu ameijua mimba ile tangu mwanzo, naye hajakutoza kitu kwa kuijua.

Tuje kwenye jina. Kwa Wagiriama mtoto hurithi jina la babu au nyanya, na kwa hiyo jina lako linakuambia umetoka kwa nani. Ndiyo maana nabii alilishika. Lakini fungua Warumi 16. Wa kwanza kusifiwa ni Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, jina ambalo Wayunani walimwitia Artemi, mungu wao wa kike. Ukiendelea utamkuta Herme, jina la mungu wao mjumbe. Kule Filipi yuko Epafrodito, jina lililotokana na Afrodite, na Paulo anamwita ndugu, mtendakazi na askari mwenzake. Apolo, yule mhodari wa Maandiko, jina lake linatokana na mungu Apolo. Hao wote walibatizwa na majina yao ya kipagani, wakahudumu nayo, wakaandikwa katika Biblia nayo. Danieli aliitwa Belteshaza kwa jina la mungu wa Babeli, na jina hilo halikuwafanya simba wamle. Wale ambao Mungu mwenyewe aliwabadilisha jina, Abramu, Yakobo, Simoni, hakuna aliyelipia, na Yesu baada ya kufufuka bado anamwita Petro “Simoni wa Yohana”. Ukitaka kuongeza jina, ongeza. Ukilibadilisha kwa hofu, utakuwa umekiri kwamba koma wana neno juu yako.

Juu ya damu ya ukoo watakusomea Kutoka 20, kwamba Mungu anapatiliza maovu ya baba hata kizazi cha tatu na cha nne. Wewe endelea kusoma. Mstari huo unamalizika “cha wanichukiao”, na unaofuata unasema anawarehemu maelfu elfu wampendao. Kisha nenda Ezekieli 18, sura nzima iliyoandikwa kwa watu waliodhani wanakufa kwa dhambi za baba zao: “mwana hatauchukua uovu wa baba yake”. Ikiwa wewe mwenyewe umeshiriki kafara za koma au umevaa hirizi, liache, litubu waziwazi mbele ya mchungaji wako, na limekwisha. Hilo ni jambo lako na Mungu, wala halina mbegu.

Lipo moja katika barua yako linalonikosesha usingizi kuliko pesa zote. Amesema hawe ndiye aliyefunga nyota yako. Unajua vizuri maneno ya namna hiyo yanaishia wapi katika kaunti yetu ya Kilifi. Wazee wanauawa kwa mapanga kwa sababu mtu fulani alisema ndiye mchawi, na mara nyingi wanaoinua panga ni wajukuu na wana. Wapo waliokimbia boma zao wakajihifadhi Kaya Godoma kule Ganze, wakizeeka mbali na wajukuu wao. Roho wa Mungu aliyeamuru “Waheshimu baba yako na mama yako” hamtumi mtu kumtaja bibi kizee mbele ya ukoo wenye shida. Kama neno hili umelirudia kwa kaka zako au binamu, nenda ulifute kwa kinywa chako mwenyewe, wiki hii. Ukisikia kuna anayepanga kumdhuru, mwambie chifu na polisi. Kisha nenda ukamsalimie hawe, ule naye.

Na siri. “Usimwambie mchungaji, adui atasikia.” Katika karne ya pili kanisa lilivamiwa na walimu waliodai wana elimu ya siri ambayo mitume waliwanong'oneza wachache. Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika dhidi yao yapata mwaka 180, na hoja yake kubwa ilikuwa hii: kama mitume wangekuwa na mafumbo ya kificho, wangewapa kwanza wale waliowakabidhi makanisa. Lakini makanisa yale yalifundisha hadharani, mambo yale yale, huku na kule. Wakati huo huo kule Frigia, katika Uturuki ya leo, Montano na manabii wenzake wa kike, Priska na Maksimila, walitangaza kwamba Yerusalemu mpya utashuka karibu na kwao, Pepuza. Haukushuka. Kinachotoka kwa Mungu hakidhuriki kwa kuambiwa mchungaji. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe kisha wakakaa na Maandiko kila siku kuchunguza kama asemayo ndivyo yalivyo, na Luka anawaita waungwana kwa hilo. Nabii anayekataza kuchunguzwa amejiweka juu ya Paulo. Wahenga wetu walisema mficha uchi hazai. Wewe una shida ya biashara, ya ugonjwa wa mama, na kilio cha mtoto ambacho nahisi hujawahi kukilia na mtu. Vyote hivyo vinahitaji watu wanaokupenda. Kukutenga na dada yako ni kukuondolea yule ambaye angekushika mkono mlangoni.

Kujilinda, basi, kunahitaji mambo ya kawaida sana. Jifunze kwa moyo ungamo la imani ambalo kanisa lenu hulisema, ulijue kwa maana yake, ili mtu akiongeza kitu usikie mara moja kwamba kimeongezwa. Soma Warumi 8, hasa pale pasemapo hamkupokea roho ya utumwa iletayo hofu bali roho ya kufanywa wana. Hofu ni alama ambayo hutakosea kuitambua. Roho Mtakatifu humhukumu mtu kwa dhambi aliyoitenda, akamwonyesha msamaha. Hamtishi mtu kwa sababu ya jina la bibi yake. Kuwa na watu wawili watatu wa kuomba nao mchana, wanaoweza kukuambia “hapana”. Na biashara ikilala, ongea na chama juu ya deni, wapange nawe malipo. Huenda ni msimu wa watalii tu umekauka, na leso hazina pepo.

Umeuliza pia, kwa hofu, juu ya ahadi uliyotoa mbele za watu. Simoni wa Samaria alipotaka kununua kipawa cha Mungu, Petro alimjibu: “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe.” Biashara hiyo ilikuwa haramu kwa pande zote mbili, anayenunua na anayeuza, na ahadi ya kufanya haramu haimfungi mtu. Mambo ya Walawi 5 panazungumza juu ya aliyeapa kwa haraka midomoni pasipo kutambua: akishajua, aungame. Basi ungama kwa Mungu kwamba uliahidi kwa kuogopa, na uache hapo. Yesu aliwakemea waliosema mali ya kumsaidia mama ni Korbani, imekwisha wekwa wakfu. Kama zile 30,000 unazo, mama yako ana miadi ya kliniki.

Ukimjibu nabii, mjibu kwa ujumbe mfupi: “Nimeshauriana na kanisa langu, sitaendelea.” Usiende kumweleza ana kwa ana, na usiingie mabishano ya aya. Wakikupigia tena na tena, zuia namba. Wakikutishia, hifadhi ujumbe na uende kituo cha polisi pamoja na dada yako. Katiba yetu, kifungu cha 32, inasema hakuna anayelazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na imani yake. Na kama umeona watoto katika nyumba ile wakifungishwa au wametolewa shule, usingoje ushahidi zaidi. Piga 116, ni simu ya bure ya watoto, na inapokelewa usiku na mchana.